Nilifuata Maji

Kupotea nilipotea kwa uzembe tu, kama wanavyopotea wengi. Lakini kilichokaribia kunimaliza ni hadithi ya kweli niliyoisoma nikiwa kijana, nikaipenda, nikaikariri, nikawa nawasimulia watu kana kwamba nilikuwepo.

Ni hadithi ya Juliane Koepcke. Tarehe 24 Desemba 1971, akiwa na miaka 17, alipanda ndege pamoja na mama yake kutoka Lima kwenda Pucallpa, nchini Peru. Ndege ikaingia kwenye dhoruba, ikapigwa na radi, ikasambaratika angani. Juliane akaanguka kutoka kimo cha kilomita 3 hivi, bado amefungwa mkanda kwenye kiti, mpaka chini ya miti ya msitu wa Amazon. Ndani ya ndege walikuwamo watu 92. Alipona yeye peke yake. Mtulinga umevunjika, mkono una jeraha, miwani imepotea, mguuni amebakiwa na kiatu kimoja. Akapata kijito, akakumbuka aliyofundishwa na baba yake: kijito huingia mtoni, na penye mto pana watu. Akayafuata maji, akitembea na kuogelea, hadi alipokuta mtumbwi na kibanda cha wakata miti. Jeraha lilikuwa limeingia mabuu, akalimwagia petroli ya mtumbwi yatoke. Siku ya 11 watu wakamkuta hapo.

Katika yote hayo mimi nilishika maneno mawili tu: fuata maji.

Tulikuwa wanne, matembezi ya siku moja mlimani, njia inayojulikana, yenye alama za rangi nyeupe kwenye miti. Saa nane mchana, tukiwa tumeshaanza kushuka, niliwaambia wenzangu watangulie, mimi nichepuke nijisaidie. Ningeweza kusimama nyuma ya mti wa kwanza. Nikaenda wa pili, nikaenda wa tatu, nikavuka kichaka, nikateremka kidogo. Aibu ya mjini nilikuwa nimeibeba hadi porini, mahali ambapo hapakuwa na wa kuniona isipokuwa ndege. Nilipofunga mkanda na kugeuka, ukungu ulikuwa umeshuka na miti yote inafanana kama mapacha.

Kwa muda wa nusu saa hivi sikukubali kwamba nimepotea. Nilijua njia iko kulia. Halafu nikajua iko juu. Kila nilichokijua nilikijua kwa uhakika kabisa. Niliita mara mbili, kwa sauti ya chini, sauti ya mtu asiyetaka kuchekwa. Wenzangu hawakuitika, nikaongeza mwendo. Nimegundua kwamba aliyepotea hutembea haraka kuliko aliye njiani, kana kwamba miguu imepewa kazi ambayo kichwa kimeikataa. Nikapanda, nikashuka, nikapita kushoto ya jiwe kubwa, na mbele yangu, chini ya kichaka, nikaiona karatasi nyeupe ya chooni. Ilikuwa yangu mwenyewe.

Baadaye nilikuja kujua kwamba hilo lina utafiti wake. Mwaka 2009 Jan Souman na wenzake, kutoka taasisi ya Max Planck mjini Tübingen, Ujerumani, walichapisha matokeo ya jaribio la kuwatembeza watu msituni Ujerumani na jangwani Tunisia huku wakiwafuatilia kwa GPS. Jua likionekana, watu walinyoosha vizuri. Mawingu yakifunika, walizunguka, na wapo waliokatisha njia yao wenyewe bila kujitambua. Waliofungwa macho walijikuta wakizunguka hata kwenye duara la mita 20, huku wanaamini wananyoosha. Hakuna aliyekuwa mjinga kati yao. Mwili ukikosa kitu cha mbali cha kukitazama, hupinda tu.

Laiti ningekaa palepale kwenye karatasi yangu. Leo ningekuwa na kisa cha kuchekesha, basi.

Lakini kutoka chini nikasikia maji. Furaha niliyoipata naona haya kuisimulia. Nilisema kwa sauti, "Basi nimepona," kama mtu aliyeona taa za gari. Nikateremka kwa kushika mizizi mpaka kwenye kijito chembamba, maji ya kifundoni, mawe yenye kuvu la kijani. Nikaanza kukifuata. Njiani nilikuwa natunga namna nitakavyowasimulia wenzangu: yule binti wa Peru, mnamkumbuka? Basi na mimi nilifanya vilevile.

Kila baada ya hatua chache kuta za pande zote mbili zilikuwa zinainuka. Niliziona, nisizitilie maanani. Nikafika mahali maji yanaporuka kimo cha mtu mmoja na nusu. Nilisimama pale juu nikatazama, na nakumbuka wazo lililonijia lilikuwa wazi kama maandishi: nikishuka hapa, siwezi kupanda tena. Nikakaa kitako, nikajiachia, nikashuka. Mbele kidogo pakawa na poromoko jingine kama hilo. Hilo hata sikusimama kulifikiria.

La tatu halikuwa la kushuka. Maji yalifika ukingoni yakatoweka, na chini, mbali, nikaona povu tu. Nikajaribu kulizunguka kwa ubavuni, juu ya mwamba wenye kuvu, nikiwa nimejibana ukutani. Sikumbuki kuteleza. Nakumbuka nikiwa nimelala kifudifudi juu ya shina la mti ulioanguka zamani, pumzi imekata, na mguu wa kulia umekaa upande usio wake. Shina lile ndilo lililonidaka. Bila hilo ningemaliza safari pamoja na maji.

Ilikuwa inakaribia saa kumi na mbili. Simu ilikuwa na chaji asilimia 11 na haikuwa na mtandao hata kidogo, nikaizima. Kwenye begi nilikuwa na nusu chupa ya maji, pakiti ya biskuti, mfuko mkubwa wa taka niliouweka kwa ajili ya kufunikia begi mvua ikinyesha, na tochi niliyoiacha nyumbani. Nitaiorodhesha hivyohivyo, maana usiku kucha niliihesabu kati ya vitu nilivyokuwa navyo.

Watu wakinisikiliza huuliza juu ya wanyama, halafu njaa. Nilikula biskuti nne kwa siku tatu na sikuwa na hamu ya zaidi. Usiku ule adui alikuwa fulana yangu. Ilikuwa ya pamba, imelowa jasho na maji ya kijito, imenigandia mgongoni kama kiganja cha maiti. Pamba iliyolowa haitunzi joto, inaliiba. Ilinichukua muda mrefu kuamua kuivua, kwa sababu kuvua nguo ukiwa na baridi kunaonekana kama wazimu. Nikaivua, nikavaa koti juu ya ngozi tupu, nikapachika majani makavu niliyoyakwangua chini ya shina, kifuani, mgongoni, hadi mikononi. Mfuko wa taka nikautoboa tundu la kichwa nikauvaa. Begi nikalikalia, maana ardhi baridi hunyonya joto la mwili.

Nikatetemeka mpaka meno yakauma. Kutetemeka, nimekuja kujifunza, ni habari njema kuliko kunavyoonekana: mwili bado unapigana. Joto la mwili likishuka chini ya nyuzi 35, mtu huanza kukosea maneno na kuangusha vitu, na likizidi kushuka, kutetemeka kwenyewe hukoma. Wapo wanaofikia kuvua nguo zote kwa kuhisi wanaungua. Mimi sikufika huko. Nilikuwa nikijipa hesabu, kujumlisha saba juu ya saba, na nilipokwama kwenye 91 niliogopa sana, nikarudia tangu mwanzo.

Katika kupapasa mikanda ya begi gizani, vidole vikakuta kitu. Ile klipu ya plastiki inayofungia mkanda wa kifuani ilikuwa na mdomo mdogo, na kitundu. Nikaiweka mdomoni nikapuliza. Ilikuwa filimbi! Begi lile nilikuwa nalo mwaka wa tatu.

Nilipuliza hadi midomo ikafa ganzi, na hakuna kilichokuja. Ndipo asubuhi, kwenye mwanga, nilipopuliza tena na kushtuka kwamba mimi mwenyewe siisikii vizuri. Nilikuwa nimekaa mita chache kutoka kwenye poromoko la maji. Kelele zilikuwa zimeanza kuzoeleka hata nikawa sizisikii tena. Kama nisingeweza kuisikia filimbi iliyo mdomoni mwangu, nani angeisikia kutoka juu? Na kama mtu angeniita kutoka juu, ningemsikiaje?

Kijito nilichokifuata kinipeleke kwa watu kilikuwa kimenificha nisionwe na watu.

Nikajaza chupa, nikafunga kifundo cha mguu kwa fulana ileile, nikaanza kupanda ukuta wa korongo kwa magoti na viwiko, upande uliokuwa na miti ya kushika. Nilikuwa nafanya hivi: shika mzizi, vuta, pumzika, lia kidogo, tafuta mzizi mwingine. Kipande ambacho mtu mzima wa afya angekipanda kwa robo saa kilinitoa jasho toka asubuhi hadi mchana. Nilijua nimefika pale nilipoanza kusikia pumzi zangu. Palikuwa na bega la mlima, kavu, lenye majani mengi, na ukimya. Sikuwahi kuupenda ukimya kiasi kile. Nikatandaza mfuko wa taka juu ya kichaka mahali pa wazi uonekane, na baada ya kila muda nikawa napuliza filimbi mara tatu, nanyamaza, nasikiliza, napuliza tena. Mara tatu ni alama inayojulikana kwa watu wa milimani pengi duniani. Usiku wa pili nikaurudisha mfuko mwilini.

Asubuhi ya siku ya tatu nilipuliza, na kutoka juu kushoto ikaja filimbi nyingine. Nikadhani ni mwangwi. Nikapuliza tena, ikajibu kabla sijamaliza. Halafu sauti ya mtu mzima, nzito, isiyo na haraka:

"Kaa hapohapo, mwanangu. Usije. Tunakuja sisi."

Mzee yule alipofika hakunikumbatia wala hakunipongeza. Alinishika vidole vya mkono kimoja kimoja, akavibonyeza, akaniuliza jina langu na siku ya leo. Nilipojibu sawa ndipo akacheka. "Juzi jioni tulipita hapo juu ya korongo," akasema. "Tuliita sana. Ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa chini, mzee. Kwenye maji."

Akatikisa kichwa kama anayesikia jina la mtu anayemfahamu. "Wote huenda kwenye maji."

Mguu ulikuwa umeteguka vibaya na mbavu mbili zina nyufa, kwa hiyo nililala wiki kadhaa, na mgonjwa wa kulala hukosa kazi. Nikaanza kuzisoma upya hadithi zilezile, safari hii kwa jicho la mdai anayekagua daftari.

Nikaanza na Juliane, kwa hasira kidogo. Yaliyonipita yalikuwepo siku zote. Wazazi wake wote wawili walikuwa wataalamu wa wanyama, na kabla ya ajali alikuwa ameishi nao kwenye kituo chao cha utafiti, Panguana, ndani ya msitu huohuo. Alipofuata maji, alikuwa anasikiliza pia. Alisikia sauti ya ndege aitwaye hoatzin, na kwa kuwa mama yake alikuwa bingwa wa ndege, alijua kwamba huyo hujenga kiota karibu na mto mkubwa. Alijua azungumze lugha gani na msitu ule. Zaidi ya hayo, kule ni bonde tambarare, mito ndiyo barabara, na watu hukaa kandokando yake. Ushauri wa baba yake ulikuwa wa mahali pale. Mimi niliubeba kama hirizi, nikaupeleka mlimani, ambako maji hayamtafuti mtu; yanatafuta njia fupi ya kushuka, na hayaogopi genge.

Kuna jambo linaloniuma zaidi. Waliofuata maji wakafia chini ya maporomoko hawakurudi kusimulia. Tunazo hadithi za waliotoka tu, na kila aliyetoka anaonekana alifanya lililo sahihi.

Chukua ya Andes. Tarehe 13 Oktoba 1972 ndege iliyobeba timu ya raga kutoka Uruguay, watu 45 kwa jumla, ilianguka milimani kwenye theluji. Watu husimulia ujasiri wa Nando Parrado na Roberto Canessa waliotembea siku 10 hadi kumkuta mchungaji Sergio Catalán ng'ambo ya mto, wakawezesha 16 kuokolewa baada ya siku 72. Ujasiri ulikuwepo, sibishi. Ila rubani msaidizi, akiwa anakufa, alikuwa anarudia kwamba wameshaupita mji wa Curicó, kwa hiyo wote waliamini Chile iko nyuma tu ya mlima wa magharibi. Haikuwa kweli. Parrado alipofika kileleni alitegemea kuona mabonde ya kijani, akaona milima na milima tena. Upande wa mashariki, karibu zaidi, kulikuwa na hoteli iliyofungwa. Walikuwa wakitembea kwa ramani iliyokuwa kichwani mwa mtu aliyekosea.

Na hata hivyo kuondoka kwao kulikuwa na hesabu. Walikuwa wamesikia kwenye redio ndogo kwamba utafutaji umesitishwa. Walingoja majira yageuke, wakashona mfuko wa kulalia kwa vitambaa vya ndani ya ndege. Hawakutoka mbio kwa sababu miguu inawasha. Vilevile Aron Ralston, aliyebanwa mkono na jiwe kwenye korongo la Blue John, Utah, tarehe 26 Aprili 2003. Hakuwa amemwambia mtu yeyote anakokwenda. Aliukata mkono wake baada ya siku tano kwa sababu hapakuwa na mtu wa kumngojea. Nilipofika hapo niliweka kitabu chini. Mimi nilikuwa na watu watatu wanaojua dakika na mahali niliposimama mara ya mwisho. Sikuwa na sababu ya kupiga hata hatua moja.

Mwingine aliyenigusa ni Mauro Prosperi, mkimbiaji wa Italia, kwenye mbio za Marathon des Sables, Morocco, mwaka 1994. Tufani ya mchanga ikawakuta. Yeye hakutaka kupoteza nafasi yake katika mbio, akaendelea. Upepo ulipotulia alikuwa peke yake, na alipokuja kupatikana, zaidi ya wiki moja baadaye, alikuwa ameshaingia Algeria. Huyu namwelewa kabisa. Ni ndugu yangu wa mwendo wa haraka.

Na kuna ile ya Kolombia. Tarehe 1 Mei 2023 ndege ndogo ilianguka kwenye msitu wa Amazon, watu wazima watatu wakafa, wakabaki ndugu wanne, mkubwa wao binti wa miaka 13 na mdogo bado mtoto mchanga. Walipatikana wote hai tarehe 9 Juni, siku 40. Binti alijua matunda gani ya msitu yanalika, alifundishwa nyumbani. Lakini kitu kilichonifanya nigeukie ukutani ili muuguzi asinione ni helikopta. Jeshi lilipita juu ya miti na vipaza sauti, likipiga sauti iliyorekodiwa ya bibi yao, kwa lugha ya kwao, akiwaomba wajukuu wakae mahali pamoja wasubiri, wanatafutwa.

Usije. Tunakuja sisi.

Mwaka uliofuata nilirudi na mwenzangu mmoja kati ya wale watatu. Mguu ulikuwa umeshapona, ingawa kwenye mteremko bado unanong'ona. Siku ilikuwa na jua. Alikuwa amevaa koti lake lilelile jekundu. Nilimwomba abaki njiani, palepale walipokuwa wamesimama kunisubiri, mimi nikachepuka kutafuta kichaka changu. Jiwe kubwa ndilo lililonisaidia kukitambua. Karatasi ilikuwa imeshaoza zamani, bila shaka, lakini nilitazama hata hivyo.

Nikageuka. Kati ya miti, juu kidogo, koti jekundu lilikuwa linaonekana waziwazi, na mwenye koti alikuwa anakunywa maji.

"Hesabu hatua ukija," akaniambia, bila kupaza sauti.

Nikahesabu. Zilikuwa 62.